Kura ya Kenya ya 2010: magazeti yetu yalikuwa yanamwandikia nani?

MwalimuTororo

Habari za jioni, wadau.

Wiki hii nilikuwa nahamisha vitabu kutoka chumba kinachovuja nikakuta boksi la vipande vya magazeti. Vingi ni vya 2010, kuanzia Aprili hadi Septemba. Wakati ule nilikuwa nafundisha Kiswahili sekondari, vitabu vilikuwa haba, basi nilikuwa nakata makala za Kiingereza na kuwapa wanafunzi wazifasiri.

Nimezisoma tena kwa siku mbili, na kuna jambo limenikaa kooni. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipiga kura ya maoni juu ya katiba mpya. Hapa kwetu, siku 24 tu kabla ya hapo, mabomu yalikuwa yameua watu zaidi ya 70 Kampala, kule klabu ya raga ya Kyadondo na mkahawa wa Kihabeshi Kabalagala. Machi makaburi ya Kasubi yalikuwa yameungua. Februari iliyokuwa inakuja sisi wenyewe tulikuwa na uchaguzi mkuu. Yaani habari za nyumbani zilikuwa zimejaa mpaka zinamwagika. Hata hivyo wanasafu wetu, wiki baada ya wiki, walipata nafasi ya kuichambua katiba ya Kenya ibara kwa ibara: kaunti 47, Seneti, Tume ya Ardhi, majaji kuhojiwa hadharani, Mahakama za Kadhi.

Ukisoma hutasikia mtu anayesimulia mambo ya jirani. Utasikia mtu mwenye kura yake pale. Anaomba, anaonya, anakemea. Kuna makala moja mwandishi anawasihi Wakenya "wasituangushe". Wasituangushe akina nani?

Dai langu ni hili: hawakuwa wanawaandikia Wakenya hata kidogo. Walikuwa wanasema na sisi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalitambua. Je, nimekosea?

KijanaOwino

Hujakosea mwalimu. Kumbuka Septemba 2009 palipochafuka Kampala, redio ya CBS ilizimwa na ebimeeza, ile mijadala ya hadhara ya redioni, zikapigwa marufuku. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010. Kwa hiyo kura ya Kenya inapigwa, redio ambayo mama yangu alikuwa anaisikiliza kutwa nzima iko kimya.

Mimi nilikuwa na miaka 19, nauza mitumba. Jumamosi tulizoea kwenda kusikiliza ebimeeza, watu wanabishana chini ya mti mpaka jua linazama. Zilipokwisha, mabishano yakahamia kwenye meza ya nguo, na mada ikawa Kenya, maana Kenya haina wa kukukamata. Mtu anasema "wenzetu wameweka ukomo wa mihula ya rais", wote tunajua anaongelea nini. Magazeti yalifanya vilevile, basi.

WakalaMalaba

Nyie watu wa Kampala kila kitu mnakiona ni siasa. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba tangu 2003, niwaeleze nilichokiona kwa macho.

Januari 2008 Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, Uganda ilisimama. Bomba la mafuta kutoka Mombasa linaishia Eldoret na Kisumu, na huko ndiko malori yetu yalikuwa yanapakia. Eldoret ndiko kulikochomwa. Reli iling'olewa Kibera. Petroli huku ikawa inauzwa kwa chupa za maji, tena kwa kujuana. Watu walivuka mpaka kwa miguu na magodoro kichwani, wengi wakapelekwa kambi ya Mulanda hapo hapo Tororo kwa mwalimu. Mteja wangu mmoja wa Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla Kampala, alikuwa na kontena mbili za vipuri zimekwama bandarini. Zilipofika, faida yote ilikuwa imeliwa na gharama za kuhifadhi. Akafunga duka. Mpaka leo ananipigia simu siku za sikukuu, na kila akipiga lazima aitaje Januari ile.

Sasa, makubaliano aliyoyasimamia Kofi Annan, yale ya 28 Februari 2008, yalikuwa na ajenda nne, na katiba mpya ilikuwa ndani ya ile ya nne. Kwetu sisi wa mpakani ile katiba ilikuwa dawa ya barabara. Ikipita salama, magari yatapita. Ikikwama, 2012 tutarudi kwenye chupa za maji. Na Julai mosi 2010, mwezi mmoja kabla ya kura, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ndiyo ilianza kazi. Yule aliyeandika "wasituangushe" huenda alikuwa na kontena njiani! Mimi ningeandika hivyo hivyo.

DadaBusia

Wakala umesema kweli tupu. Naongezea la nyumbani kwangu.

Sisi ukoo wetu mpaka umeupasua katikati. Baba yuko upande wa Uganda, shangazi yangu aliolewa upande wa Kenya, dakika 15 kwa miguu. Siku ile ya kura nilivuka asubuhi kumsindikiza kwa sababu magoti yanamsumbua. Foleni ilikuwa ndefu lakini tulivu. Wazee walikuwa wanaulizana rangi tu: kijani Ndiyo, nyekundu Hapana. Mwaka 2005 ilikuwa matunda, ndizi Ndiyo na chungwa Hapana, kwa hiyo kuna waliokuwa wanachanganya, mmoja akauliza chungwa liko wapi. Msimamizi alikuwa na subira sana.

Shangazi hasomi Kiingereza. Yeye alikuwa ananunua Taifa Leo na kusikiliza redio. Mambo yote haya mnayosema wanasafu wa Kampala waliandika, yeye hayakumfikia, na aliijua katiba ile kuliko mimi niliyekuwa nimemaliza chuo. Aliniuliza tukiwa bado kwenye foleni: "Na ninyi yenu mnapiga lini?" Nilikosa la kumwambia.

WakiliMbale

Salaam. Niwekeeni mambo mawili sawa kabla uzi haujaenda mbali.

Kwanza, KijanaOwino, ukomo wa mihula miwili Kenya haukuletwa na katiba ya 2010. Ulikuwapo tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mfumo wa vyama vingi uliporudi, na ndio uliomfanya Moi aondoke 2002. Katiba ya 2010 iliuendeleza tu. Kilichokuwa kipya ni ugatuzi, sura ya haki iliyopanuliwa, Mahakama ya Juu, na utaratibu wa kuwapata majaji.

Pili, tofauti kubwa ya nchi hizi mbili ni njia. Sisi katiba ya 1995 ilitokana na Tume ya Jaji Odoki kisha Bunge la Katiba, haikupelekwa kwa wananchi kwa kura ya maoni. Ukomo wa mihula ulipoondolewa 2005 uliondolewa na Bunge. Kura ya maoni tuliyopiga 28 Julai mwaka ule iliuliza kuhusu kurudisha vyama, haikuuliza kuhusu mihula. Ukomo wa umri wa miaka 75 nao uliondolewa na Bunge, Desemba 2017, wabunge 317 dhidi ya 97. Kwa hiyo mwananchi wa Uganda akimwona Mkenya kwenye foleni ana haki ya kumezea mate. Wivu huo ndio naousoma mimi katika makala zile. Si fumbo, mwalimu, ni wivu uliosemwa waziwazi.

Ila KijanaOwino kuhusu hofu hajakosea sana. Ina mizizi mirefu. Mwaka 1968 mhariri wa jarida la Transition, Rajat Neogy, na mbunge Abu Mayanja walikamatwa hapa Kampala baada ya jarida kuchapa mambo ya katiba na mahakama. Hilo kila mwandishi mzee wa Kampala analijua.

KijanaOwino

Asante wakili, nimekubali kusahihishwa. Lakini pale mezani, sokoni Owino, tulisema hivyohivyo na tulielewana!

NubiBombo

Mmepita kwenye Mahakama za Kadhi kama mnapita kwenye tope, mmekunja suruali mkaruka. Mimi nataka kusimama hapo.

Mwaka ule kelele kubwa ya upande wa Hapana, ukiacha ardhi, ilitoka kwa makanisa, kwa mambo mawili: kifungu cha utoaji mimba na Kadhi. Huku kwetu kelele ile ilivuka mpaka. Nakumbuka barua za wasomaji, na mahubiri pia, kwamba Kenya inageuzwa nchi ya Kiislamu. Mimi ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili na Kinubi ndizo lugha za nyumbani. Nilikuwa nafanya kazi ofisi moja Kampala na wenzangu wanne, wote watu wema. Wiki ya kura mmoja akaniuliza mezani tunakula: "Mnataka nini hasa?" Mnataka. Mimi! Sijawahi kupiga kura Kenya maishani.

Ukweli ni kwamba Kadhi hakuletwa na katiba ya 2010. Alikuwamo tangu uhuru, kwa sababu ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1963 ulipounganishwa na Kenya paliwekwa ahadi kwamba Waislamu watabaki na mahakama zao za ndoa, talaka na mirathi. Ni hayo tu. Makala ngapi katika boksi lako, mwalimu, zimeieleza historia hiyo? Naomba jibu la kweli.

WakiliMbale

NubiBombo, na la kushangaza zaidi: katiba yetu sisi, ya 1995, ibara ya 129, inataja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi, na kuliachia Bunge kuziunda. Kwa hiyo waliokuwa wanawatisha Wakenya kutoka Kampala walikuwa wanawatisha kwa kitu ambacho kimo ndani ya katiba yao wenyewe. Nyani haoni kundule.

MwalimuTororo

NubiBombo, nimerudi kwenye boksi kama ulivyoomba. Makala zinazogusa Kadhi ni 9. Inayotaja maili kumi ni 1. Pole kwa swali lile la mezani.

DawatiLaHabari

Nimesoma kimya, sasa niingie. Nilikaa kwenye dawati la uhariri la gazeti moja Kampala kwa miaka 9. Jina silitaji, sitaki kesi na watu tuliokula nao ugali.

Mnaongea kana kwamba mwandishi anaamka asubuhi ameamua kutuma fumbo. Haiendi hivyo. Ukurasa wa maoni ni shimo, kila siku lazima lijazwe, na saa kumi na moja jioni linataka kufunikwa. Unalijaza kwa kilichopo. Na cha Kenya kilikuwepo! Kamati ya Wataalamu ya Nzamba Kitonga ilitoa rasimu tarehe 17 Novemba 2009, ikawapa wananchi siku 30 za kutoa maoni. Rasimu ilikuwa kwenye intaneti, ilikuwa kwenye magazeti ya Nairobi, ilipita Bungeni, kila hatua ina karatasi. Mwanasafu wa Kampala akikaa na chai yake anaweza kusoma ibara yoyote na kuichambua. Sasa jaribu kupata waraka wa aina hiyo wa jambo la hapa kwetu. Utazungushwa ofisi kwa ofisi, mwisho utaandika tetesi. Mtu anaandika anachoweza kukisoma, ndugu zangu. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na ndiyo hakuna anayeitaja kwa sababu haina utamu.

Halafu umiliki. Daily Monitor iliingia mikononi mwa Nation Media Group ya Nairobi mwaka 2000. The EastAfrican ni ya kampuni hiyohiyo, inatoka kila wiki tangu 1994, na inasomwa Kampala, Kigali, Dar. Charles Onyango-Obbo aliyekuwa mhariri wa Monitor alihamia Nairobi na akaendelea kusomwa huku. Makala zinavuka mpaka bila pasi. Hilo nalo linafanya "maoni ya Uganda" na "maoni ya Nairobi" yachanganyike kama maharage na mahindi.

Ila nisiwe mwongo. Lipo la kwangu ambalo mwalimu atalifurahia. Siku moja niliandika tahariri kuhusu tume ya uchaguzi ya kwetu, imara, yenye hoja. Saa kumi ikarudi na mstari mwekundu na neno moja la mkubwa wangu: Kenya. Nikakaa, nikabadilisha majina ya taasisi, nikaacha hoja zote kama zilivyo. Ikachapwa. Asubuhi nilipata simu tatu za pongezi kutoka kwa watu waliojua kabisa nilikuwa nimeandika nini. Iliniuma. Niliona kama nimemtumia mwenzangu nguo zake kufutia sakafu.

MwalimuTororo

DawatiLaHabari, asante sana kwa kusema. Lakini ona, wewe mwenyewe umeleta sababu tatu zinazopingana katika mchango mmoja!

DawatiLaHabari

Kwa sababu zote tatu zilikaa kwenye meza moja, mwalimu. Na mwanasafu aliyeketi kulia kwangu alikuwa anaandika Kenya kwa sababu mke wake ni Mkenya na anazipenda siasa za kwao. Muweke na huyo.

KisoroMpakani

Habari zenu. Mimi naona Kenya imependelewa. Hebu tuulize Rwanda.

Tarehe 18 Desemba 2015 Wanyarwanda walipiga kura ya maoni ya katiba. Zaidi ya watu milioni 3.7 walikuwa wametia saini maombi kwa Bunge kwamba ibara ya 101 ya mihula ibadilishwe. Chama cha Kijani cha Frank Habineza kilikwenda mahakamani kupinga, kikashindwa Oktoba. Kura ilipita kwa asilimia 98.3, na kwa hesabu za ibara mpya Rais Kagame angeweza kugombea hadi kufikia 2034. Hiyo ni katiba ya jirani, umbali wa dakika 20 kutoka kwangu hapa kwa bodaboda. Soko letu, ndoa zetu, viazi vyetu, vyote viko kule.

Sasa joto la 2010 lilikuwa wapi? Sikuona. Nilikuwa nanunua gazeti kila Jumapili na kila Jumatano. Niliona taarifa, niliona maoni machache, sikuona wa kuchambua ibara kwa ibara wala wa kusihi. Kama sababu ni barabara, barabara ya Gatuna nayo ni barabara. Kama sababu ni fumbo, fumbo lingekaa vizuri zaidi hapo, maana sisi tulikuwa tumeshaondoa mihula miaka kumi nyuma!

KijanaOwino

Si ndiyo sababu? Fumbo la Rwanda lingekuwa si fumbo tena, lingekuwa picha yako kwenye kioo. Ukiisifu unajisifu, ukiikemea unajikemea, na Februari 2016 tunakwenda kupiga kura. Nani angeligusa?

WakalaMalaba

Au kwa sababu matokeo yalijulikana. Mpira ambao unajua utaisha ngapi hauendi kuutazama. Kenya 2010 ilikuwa mechi. Ruto na makanisa upande mmoja, Moi mzee naye Hapana, Kibaki na Raila upande wa pili, na katikati wale walioitwa matikiti, kijani nje nyekundu ndani. Nani asingetazama? Ndiyo walipata asilimia 70 na bado Bonde la Ufa lilisema Hapana.

DadaBusia

Asilimia 67, kaka. Milioni 6 na kidogo dhidi ya milioni 2.8. Hiyo 70 umeipata kwenye trela gani?

WakalaMalaba

Nimekubali dada, 67. Bonde la Ufa sijakosea.

DadaBusia

Hapo hujakosea. Mikoa saba kati ya minane ilisema Ndiyo, wao peke yao Hapana. Na walikubali matokeo, hilo nalisema kwa heshima kubwa. Shangazi alikuwa ameweka unga wa mwezi mzima ndani akihofia yatarudi ya 2008. Unga ule tulikula mpaka Septemba.

AruaKwaJuba

Mimi niulize swali la kijana wa kaskazini. Kila mtu hapa anaangalia mashariki na kusini. Januari 2011 Sudan Kusini walipiga kura kwa wiki nzima, tarehe 9 hadi 15, karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga. Kaka zangu wawili walikuwa Juba wanauza nyanya na saruji. Hiyo nayo magazeti ya Kampala yaliandika kwa furaha, na sikumbuki fumbo lolote, nakumbuka soko. Kwa hiyo mimi nakubaliana na mzee wa Malaba.

WakiliMbale

Kijana wangu, ile ilikuwa kura ya kujiamulia hatima, iliyotokana na mkataba wa amani wa Januari 2005. Haikuwa kura ya katiba. Mwalimu ameuliza katiba.

AruaKwaJuba

Sawa mzee wangu, lakini kaka zangu walipofukuzwa na vita Desemba 2013 wakaacha stoo nzima kule, hawakuuliza ilikuwa kura ya aina gani. Ninachosema ni kwamba magazeti yetu yanashangilia kura ya jirani, halafu yanaondoka. Nani aliandika ibara kwa ibara kuhusu katiba ya mpito ya Juba, ile iliyompa rais nguvu zote zile? Hapo ndipo tungehitaji mchambuzi. Kaka zangu wangesoma.

NubiBombo

Umenena kijana. Hili ni la maana kuliko yote tuliyosema.

BwanaNakivale

Nami niongeze la Burundi, fupi. Naishi Isingiro, nafanya kazi na wakimbizi Nakivale. Mei 2018 Burundi ilipiga kura ya katiba, tarehe 17. Muhula wa rais ukawa miaka 7. Wiki mbili kabla ya kura BBC na Sauti ya Amerika zilisimamishwa kwa miezi sita. Warundi wa kambini walikuwa wananijia kuuliza nimesoma nini, nami sina cha kuwapa, maana magazeti ya Kampala siku zile yalikuwa yameshikwa na kesi ya ukomo wa umri iliyokuwa imesikilizwa Mbale na kungoja hukumu. Baba mmoja alikuwa anashinda chini ya mti na redio ndogo akizungusha mawimbi. Hicho ndicho ninachokumbuka kuhusu maoni ya vyombo vya habari vya kanda katika kura ya Burundi: baba mmoja na redio.

WakiliMbale

Kesi ile niliifuatilia kila siku kwa sababu ilikuja mjini kwetu. Majaji wanne dhidi ya mmoja walikubali kuondolewa kwa ukomo wa umri, lakini wakafuta nyongeza ya miaka miwili ambayo wabunge walikuwa wamejipa. Na niseme hili: magazeti ya Nairobi yaliandika sana kuhusu kesi yetu. Nikayasoma nikiwa nimekunja ndita. Mkenya mmoja anatuonea huruma kwa aya nne. Ndipo nikaelewa jinsi Wakenya walivyojisikia 2010 sisi tulipokuwa tunawasihi.

KisoroMpakani

Wakili, hilo la kuonewa huruma limenigusa. Watu wa Rwanda walisema hivyohivyo 2015, kwamba wanaowaandika kutoka nje hawawajui. Mimi nilikuwa nawacheka. Sasa nafikiri upya kidogo, ingawa bado nasema tungeandika zaidi.

DawatiLaHabari

Tofauti ipo lakini. Tulipowasifu Wakenya hawakulalamika! Na miaka saba baadaye, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama yao ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, chumba chetu cha habari kilisimama wima. Watu walipiga makofi. Mwezi ule ule, tarehe 27, Bunge letu likageuka uwanja wa ngumi na viti kwa sababu ya ukomo wa umri wa rais. Siku ile sikuhitaji kubadilisha majina ya taasisi. Kurasa mbili ziliwekwa karibu na msomaji akajisomea.

BweraStendi

Nimechelewa, nilikuwa safarini. Huku Bwera tunatazama Kongo. Oktoba 2024 Rais Tshisekedi alitangaza akiwa Kisangani kwamba anataka katiba iangaliwe upya. Katiba yao ya 2006 ina ibara ya 220 inayokataza kuguswa kwa idadi na urefu wa mihula ya rais. Ile ilipitishwa kwa kura ya maoni Desemba 2005, zaidi ya asilimia 80. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka wafanyabiashara wa Kasindi walivuka kuja kununua simu na redio za kusikilizia matokeo.

Jambo hili likifika kwenye kura siku moja, mtaona. Huku Kasese kila nyumba ina mtu upande wa pili. Na jeshi letu liko kule. Mwandishi wa Kampala ataandika nini? Atasihi? Ataonya? Nani atamruhusu? Hapo ndipo dai la mwalimu litapimwa. Ya 2010 yamepita.

MwalimuTororo

BweraStendi umenipa kazi. Nimeanza boksi jipya leo, la Kongo. Ninavyo vipande 6 mpaka sasa, vinne vimetoka magazeti ya Nairobi, viwili vya kwetu. Hicho nacho ni kitu.

Bado nashikilia dai langu, ila DawatiLaHabari amelitikisa pale kwenye rasimu ya siku 30. Nimehesabu tena: katika makala zangu 41 za mwaka 2010, 23 zinanukuu ibara kwa namba. Mtu anayetuma fumbo tu hahitaji namba za ibara. Huyo alikuwa ameisoma kweli.

Na NubiBombo, ile makala moja yenye maili kumi nimeipiga picha, nitakutumia.

NubiBombo

Nitashukuru mwalimu. Kuna mtu ofisini ninayetaka aisome.

DadaBusia

Mwalimu, kama una nakala ya ziada ya vipande vya Kiswahili vya mwaka ule niambie. Shangazi yuko hai, macho yamepungua, lakini nitamsomea.

MwalimuTororo

Ninavyo vitatu vya Taifa Leo. Niko Busia Alhamisi, siku ya soko. Nitavileta.